Nilitumwa mitego ya nyegere Guangzhou, nikarudi na hongera za harusi

Wakuu, heshima kwenu wote, wa kahawa na wa chai.

Ninayoandika yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Atakayeona chumvi imezidi anisamehe, mimi sikuongeza, ilikuja na tukio lenyewe.

Mimi ni mwanamke, mfanyabiashara, niko Guangzhou. Ofisi yangu iko jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei, ingawa kuiita ofisi ni kuipaka mafuta. Wakiingia wateja wawili, mimi natoka.

Nanunua vitambaa soko la Zhongda, tunachanga kontena na wenzangu, mzigo unashuka Dar. Pia nawatafutia watu oda zao ndogondogo: taa, vyerehani, viti vya saluni. Nilijua nimeshatumwa kila kitu duniani.

Mpaka mjomba aliponitumia voice note.

Mjomba Athumani ni kaka wa mama yangu. Yuko Muheza, juu kule karibu na msitu, anafuga ng'ombe wa maziwa. Hana wengi, lakini kila mmoja ana jina, na anawaaga kabla ya kwenda msikitini. Likizo zangu zote za shule nilizila kwake. Mtindi wake ndio ulionipa huu mwili ambao abiria wa metro wananipisha bila kuombwa.

Voice note ilianza hivi:

"Mwanangu, leo usinipe shikamoo, nisikilize kwanza. Malaika hatunaye. Daktari wa mifugo kasema ni kifua kikuu, ikabidi achinjwe. Sasa mwuaji nimemjua. Ni nyegere."

Wakuu, mimi nilikuwa nakula. Nikaweka kijiko chini.

Malaika ndiye aliyekuwa ng'ombe wake wa kujidai. Alimnunua mnadani kwa mbwembwe, picha zake zilijaa group la familia kuliko picha za wajukuu. Alianza kukohoa, akakonda, daktari akampima, majibu yakawa hayo. Daktari akazuia maziwa yasiuzwe, akasema atarudi kuwapima waliobaki. Wakikutwa nao wanao, banda linabaki tupu.

Mjomba hakulala tena vizuri. Hilo aliniambia mkewe, Mama Zuhura, sio yeye.

Sasa nyegere ameingiaje?

Kuna video ilikuwa inazunguka kwenye simu za wafugaji. Inasema kule Uingereza serikali inahangaika kuwadhibiti nyegere kwa sababu wanawaambukiza ng'ombe kifua kikuu. Na nyuma ya banda la mjomba, kwenye mizinga ya nyuki, nyegere ni mgeni wa kila msimu. Anakuja, anavunja, anakula asali, anaondoka bila kuaga.

Mjomba akajumlisha, akapata jibu lake.

"Nitafutie mitego ya chuma huko China, ile ya kumnasa mzima. Ikichelewa nitamwekea sumu kwenye nyama, yaishe."

Hapo kwenye sumu ndipo niliposhtuka. Kwenye mizinga ile wanapita mbwa, wanapita kuku, wanapita wajukuu. Halafu nyegere ni mnyama wa pori, watu wa maliasili wakisikia, mjomba ataacha ng'ombe na nyuki aende jela. Nikamwambia sumu aiache, mitego naitafuta.

Kwa wasiojua, Kichina changu ni cha sokoni. Najua kusema bei kubwa, najua kusema sitaki, najua kumwita bosi *laoban* kwa sauti ya kubembeleza. Nyegere hatukuwahi kukutana naye kwenye bei.

Nikafungua app ya kutafsiri. Kiswahili haikukielewa, nikaandika Kiingereza, *badger*. Ikanipa neno moja fupi: *huan*.

Nikalikariri. Huan, huan, huan. Nikajiona nimeiva.

Duka la kwanza lilikuwa la vyuma, nyavu na makufuli. Nikamwendea laoban nikitabasamu, nikamwambia, huan.

Yule mzee akabadilika sura. "*Bu huan! Bu huan!*" Akanyoosha kidole kwenye kibao kilichobandikwa ukutani, akageuka akaendelea na chai yake.

Nikaenda la pili, yaleyale. La tatu, mama mmoja aliniangalia mikononi kama anatafuta kitu nilichoficha, kisha na yeye, bu huan.

Nikajiuliza, hawa wana ugomvi gani na nyegere.

Nikarudi Tianxiu kumtafuta Mama Béa. Huyu ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, chumba chake kimepakana na changu, yupo hapa miaka mingi kuliko sisi wote na Kichina anakitafuna. Nikamweleza. Akacheka hadi akashika mlango.

"Ma sœur, weye unawaambia unataka kubadirisha mali. Ile huan ya kushusha sauti ni kubadirisha. Banafikiri ulinunuaka kwao kitu kikaharibika, sasa unakirudisha. Apa kila mutu anakatala."

Kumbe bu huan ni hatubadilishi, na kile kibao ukutani ndicho kilichokuwa kinasema bidhaa ikitoka hairudi.

Akanifundisha sauti. Ya nyegere ipo juu na imenyooka, haishuki. Tukafanya mazoezi kwenye korido, watu wakipita na maboksi yao wanatuangalia tu. Kesho yake akanisindikiza ng'ambo ya mto, kwenye soko la maua na ndege, kwa sababu kule vizimba vya wanyama vipo vya kila aina.

Sasa lile soko, ukiacha vizimba, lina maduka ya mapambo katikati yake. Mashada, samaki wa bahati, vinyago vya kauri. Mimi nikaona duka lenye vizimba nje, nikaingia. Mama Béa alibaki nyuma anabishana bei ya kasuku ambaye wala hakuwa na mpango wa kumnunua.

Nikamwambia mama mwenye duka, kwa sauti ya juu, iliyonyooka, bila kushuka: huan. Nikaonyesha vidole viwili. Nataka viwili.

Wakuu, yule mama alinishika mikono.

Akafurahi. Akaniambia maneno mengi, mimi nikadaka moja tu, *gongxi*, ambalo nalijua kutoka kwenye sikukuu zao. Hongera. Akaingia ndani, akatoka na boksi jekundu, akalifungua mbele yangu kwa heshima zote. Ndani kuna wanyama wawili wa kauri, wamejikunja wanaangaliana.

Mama Béa akafika, akaongea naye, akanigeukia macho yamemtoka.

"Weye, unaolewa na hauniambie?"

Kumbe wakuu, kwa Wachina neno la huyo mnyama na neno la furaha yanatamkwa sawasawa. Kwa hiyo wawili wakiwa pamoja ni furaha maradufu, ni zawadi ya maharusi. Mwanamke mzima, amevaa vizuri, anaingia dukani anadai huan wawili, yule mama angefikiria nini kingine?

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshabonyeza kumrekodia mjomba voice note, nimwambie nimefika kwenye vizimba. Nikaituma bila kuisikiliza. Ndani yake kuna Mama Béa anapiga kelele, "*Félicitations*, dada yangu anaolewa!"

Kabla hatujatoka dukani, Mama Zuhura alikuwa ameshapiga vigelegele kwenye group la familia. Shangazi wa Kariakoo anauliza mahari tumepanga nini. Binamu anauliza kama shemeji anakula pilau. Mama yangu mzazi hakuuliza kitu, alituma tu neno Alhamdulillah, mara nyingi, mfululizo.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya kizimba cha mbwa.

Na pale nilipokaa, nikiwa nafuta machozi, ndipo nikawaangalia vizuri wale wanyama wa kauri.

Uso mweupe. Mistari miwili myeusi, mmoja kila upande, inapita juu ya macho mpaka masikioni. Mwili wa kijivu, mnene, pua ndefu.

Huyu sio nyegere.

Nyegere nimemwona kwa macho yangu, nikiwa binti, akitoka kwenye mzinga wa mjomba. Ni mweusi tumboni na usoni, halafu mgongoni ana weupe kuanzia kichwani hadi mkiani, kama amejitanda shuka. Uso wa mistari hana.

Nikaingia mtandaoni palepale kwenye kizimba. Kumbe Waingereza yule wa kwao wanamwita badger, na nyegere wetu wakamwita *honey badger*, badger wa asali. Jina moja, wanyama wawili tofauti. Aliyetafsiri ile video akachukua neno akalivisha mnyama wetu.

Nikampiga picha yule wa kauri, nikamtumia mjomba. Nikamwuliza, huyu ndiye wa kwenye video?

Akajibu, "Ngoja niazime simu ya Zuhura, kioo changu kimepasuka. Ile video nilisikiliza tu."

Akaenda akaitazama. Kisha, "Ndiye. Ana mistari."

Nikamwuliza, na wako anayekula asali ana mistari?

Jibu lake lilikuja neno moja:

"Hana."

Wakuu, nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa kama sio yeye, ni nani?"

Hapo nikamwonea huruma kweli. Nilielewa kwa nini alimng'ang'ania nyegere. Ukimpata mwizi wa nje, hulazimiki kutazama ndani.

Nikamwambia ampigie daktari wa mifugo, amwulize swali hilohilo, asinifiche jibu.

Jioni akanirudia. Daktari alimwambia hawezi kuapa kwamba nyegere haugui kabisa, wanyama wa pori nao huugua. Lakini ng'ombe humwambukiza ng'ombe mwenzake kwanza, kwa kukoholeana bandani na kunywa pamoja. Kisha akamwuliza: Malaika ulimnunua wapi, na alipimwa kabla ya kuingia?

Alitoka mnadani. Hakupimwa.

Halafu mjomba akasema jambo lililonifanya nisimame.

"Mwanangu, nimeshatoa kishika uchumba cha ng'ombe mwingine wa kumrithi Malaika. Kwa mwuzaji yuleyule. Alikuwa aingie bandani Ijumaa hii."

Mnaona? Mimi ningetuma mitego, yeye angekesha nyuma ya banda anamvizia nyegere, na mbele ya banda anafungua mlango mwenyewe, anaingiza mgonjwa.

Nikamwambia asiingie bila kupimwa. Akabisha kidogo, kwamba ataonekana hamwamini mtu. Nikamjibu anitoe mimi kama sababu, aseme mpwa wake wa China amekuwa mkorofi.

Daktari akampima yule ng'ombe hukohuko kwa mwuzaji. Wanachoma sindano shingoni, wanasubiri siku tatu, wanarudi kutazama. Shingo ilikuwa imevimba, maana yake anao. Mwuzaji naye alikuwa hajui, na daktari akahamia kwenye zizi lake.

Kisha ikaja zamu ya waliobaki bandani kwa mjomba. Subira, Tausi na wenzao.

Zile siku tatu sikuuza kitu cha maana. Mteja ananiuliza rangi ya kitambaa, mimi nawaza shingo ya Tausi.

Voice note ya mjomba ilipoingia niliogopa kuifungua. Mama Béa akaninyang'anya simu, akabonyeza, akaongeza sauti.

Haikuanza na maneno. Ilianza na vigelegele vya Mama Zuhura, na nyuma yake mjomba analia na kucheka kwa pamoja, "Wote wazima, mwanangu, wote shingo zao laini. Kasema atarudia kupima, lakini leo wote wazima."

Mama Béa hajawahi kufika Muheza, hajui Tausi ni nani, lakini alicheza korido nzima ya Tianxiu. Mimi nilimfuata. Vijana wa cargo wakaacha maboksi wakatupigia makofi, nadhani nao walijua ni harusi.

Mitego sikununua. Kwenye kontena nilipakia sufuria kubwa ya kuchemshia maziwa, mabakuli ya kunyweshea ili kila ng'ombe anywe kwake, na waya wa kuzungushia mizinga. Siku hizi maziwa yanachemshwa kwanza, hata ya mtindi. Mjomba analalamika kwamba ladha imepungua. Mama Zuhura anamjibu apunguze kuonja.

Na lile boksi jekundu nililinunua. Wale wawili wa kauri wako juu ya friji Muheza, wamewekewa kitambaa. Subira alipozaa, ndama akaitwa Huani. Mjomba analitamka kwa sauti ya kushusha. Kwa Kichina anamwita Badilisha, na sijamwambia.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukipata habari ya mbali, kabla hujamtafutia mtu adhabu, mtazame uso kwanza, ujue ni yeye anayesemwa. Na mnyama wa mnadani, hata awe mzuri vipi, apimwe kabla ya kuingia kwako. Kule Uingereza kwenyewe nimesoma wanabishana mpaka leo juu ya badger wao, wengine wanasema wauawe, wengine wanawachanja. Wanyama wa porini, wakuu, wanachanjwa.

Juzi mjomba kaniambia nyegere alirudi. Waya wote ule, alipata pa kupita. Mzinga mmoja chini.

Nikamwuliza, ukamfanyaje?

"Nilimmulika na tochi. Akanitazama, nikamtazama. Nikamwambia samahani, mzee mwenzangu, nilikusingizia. Nikarudi kulala."

Amesema kulala, wakuu. Mjomba analala.

Sasa nileteeni zenu. Wafugaji mnaopima, mnapima vipi huko kwenu? Na yule wa Uingereza mwenye mistari, kwa Kiswahili tumwite nani? Mjomba ananiuliza kila Ijumaa na mimi sina jibu.

Wale mnaojiandaa kuuliza: hapana, siolewi. Mama yangu bado anatuma Alhamdulillah.