Miti Iliyoegemeza Ndizi za Mwalimu

Mume wangu alianguka Jumatatu asubuhi, kabla hata hajashika nyundo. Alikuwa anaezeka nyumba mpya ya mwalimu mstaafu, jirani yetu hapa Kanyakine. Alipanda jukwaa la miti la kujengea, likayumba, likaporomoka lote, naye akaangukia rundo la mawe. Uti wa mgongo ukavunjika. Daktari alituambia hatatembea tena, kisha akatoka nje kupokea simu.

Mwalimu alikuja kutupa pole na Biblia na mkungu wa ndizi. Aliomba kwa muda mrefu. Kwetu alisema ni mapenzi ya Mungu. Sokoni akasema fundi hakufunga jukwaa vizuri. Hilo la sokoni ndilo lililonichoma. Mume wangu alifunga kila kitu mara mbili kwa raba za tyubu ya baiskeli, hata mlango wa kuku wetu. Lakini utajibizanaje na mzee wa kanisa kama yeye? Nilimshukuru, nikazipika zile ndizi. Mgonjwa nilimlisha kwa kijiko.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mwalimu kuchukua vifaa vya mume wangu. Nilibisha hodi, sikujibiwa, nikazunguka nyuma hadi shambani. Upepo wa ile Jumamosi kabla ya ajali ulikuwa umelaza migomba kadhaa. Iliyosalia ilikuwa imeegemezwa kwa miti mirefu ya mkaratusi. Mti mmoja ulikuwa na raba nyeusi iliyokatwa kwa kisu, na fundo lake lilikuwa la mara mbili. Wa pili vilevile.

Jumapili mafundi hawafanyi kazi. Mwalimu alitoka kanisani, akaona ndizi zake zinaanguka, akaenda kutoa miti iliyoshikilia jukwaa kwa nyuma. Hakumwambia mtu. Halafu akaja kumsingizia Mungu kitandani pa mume wangu. Mungu hana shamba la migomba Kanyakine. Nilikasirika, na zaidi nilijikasirikia mimi, niliyezimenya zile ndizi na kumshukuru.

Nilishika mti mmoja nikauvuta. Mgomba ukainama, ukaanguka na mkungu wake. Mwalimu akatokea mbio, taulo shingoni.

"Aii, mama, si ungeniuliza kwanza kabla ya kutoa mti?" akasema. "Ona sasa vile umeangusha."

Nikauweka ule mti begani. Nikamwambia twende kwangu, akayarudie maneno hayo mbele ya mume wangu.