Mzee Juu, Mimi Kwenye Tope

Tangu nimjue mume wangu, kazi yake ilikuwa kuvuta magari yaliyokwama. Pikapu yake ilikuwa na winchi mbele, ile mashine ya kukunja waya mnene wa chuma, na mvua ikinyesha alikuwa hashindi nyumbani. Mimi nilikuwa nauza vitambaa. Winchi sikuwahi kuigusa. Hata nikiosha gari na kulikaribia bampa, alikuwa akiniambia, "Mama, hapo acha."

Kisha kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia. Pikapu ikabaki nje ya lango la jengo letu huku mtaa wa Pipeline, watoto wa majirani wakichora kwenye vumbi la vioo. Yeye akawa anakaa kwenye roshani, ghorofa ya pili, akiitazama.

Binti yetu ndiye aliyeleta wazo. Alinunua kifaa kidogo, fundi akakiunganisha na winchi, kisha akaweka programu kwenye simu ya babake. Kwenye kioo kulikuwa na mishale miwili, mmoja wa kuvuta na mwingine wa kulegeza waya. Ukibonyeza, winchi inazunguka. Ukitoa kidole, inasimama. Mzee akajaribu kwa mkono wa kushoto, na kule chini winchi ikanguruma. Alicheka, mara ya kwanza tangu augue. Kisha akanigeukia.

"Sasa nani atafunga kulabu?"

Nikavaa gambuti zake, viatu virefu vya mpira.

Pale mbele ya lango letu pana kona ambayo mvua ikinyesha inageuka uji. Wa kwanza kukwama alikuwa kijana aliyebeba nyama kutoka Soko la Burma. Aliponiona natoka na glavu akauliza, "Mathe, mwenye hii kazi ako wapi?"

"Ako juu," nikamwonyesha.

Akainua macho, akamwona mzee mwenye blanketi magotini na simu mkononi.

Niliwasha pikapu, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikauvuta waya hadi kwenye gari lake na kufunga kulabu mahali nilipoona panafaa. Nikampungia mzee. Waya ukakaza. Ndipo nikaona bampa la yule kijana linapinda. Nikainua mkono. Nikapiga kelele. Mzee alikuwa anaangalia magurudumu, hakuwa na habari nami. Bampa likang'oka, likatua mtaroni, na majirani waliojaa kwenye roshani zao wakashangilia kama wako kwenye mpira.

"Nani alikufundisha kufunga hivyo?" mzee akafoka kutoka juu.

"Hakuna!" nikajibu. "Hakuna aliyewahi kunifundisha!"

Nikapanda ngazi na tope langu, nikasimama mbele yake nikihema. Nilidhani tutagombana. Lakini alisema kwa sauti ya chini, "Kuna pete ya chuma chini ya gari, imeshikana na fremu. Itingishe. Gari likitingishika nayo, funga hapo."

"Sawa. Na mimi nikiinua mkono, toa kidole. Usingoje kujua kwa nini."

"Hata nikiona gari linaanza kutoka kwenye tope?"

"Hata ukiona linatoka."

"Sawa, mama."

Nikarudi chini. Safari hii niliipata pete, na gari likaanza kusogea. Lilipofika katikati, mwanamke mmoja aliyebeba mtungi wa maji akainua mguu kutaka kuruka waya. Kabla mkono wangu haujafika juu, winchi ikawa imesimama. Nilipotazama roshani, mzee hakuwa anaangalia gari wala yule mwanamke. Alikuwa ananiangalia mimi.

Kijana aliondoka na bampa lake juu ya sanduku la nyama, na baadaye tulimtengenezea.

Jioni ile nilikuwa namkatia mzee chakula alipouliza, "Ukisimama karibu na waya ukiwa umekaza, unasikia aje?"

"Naogopa," nikasema.

Akameza alichokuwa akitafuna. "Hata mimi nilikuwa naogopa. Kila siku."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ungenikataza kwenda."

Ningemkataza, kweli. Nilikumbuka asubuhi nyingi za mvua nilipomfungia chai kwenye chupa, akitoka haraka bila maneno, nami nikiamini anafurahi kuondoka nyumbani. Nilikuwa nimeishi na kinyongo hicho hadi nikakizoea. Sikumwambia. Nilimsogezea sahani.

Tumeendelea na kazi hiyo, si kila siku. Mawingu yakijikusanya, ananiuliza kama nina nguvu za kushuka. Siku nyingine nasema hapana, naye anakubali, tunakaa pamoja roshani tukiangalia watu wakisukuma magari yao yaliyokwama.