Nyota Tatu Begani

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alitoka saluni moja ya Ntinda mashavu yakimeta kama samaki aliyetoka majini, akanionyesha picha zake kwenye simu. "Shangazi," akasema, "hii ndiyo staili mpya." Mpya! Nilimwambia akae chini. Hilo vumbi analoliita glita nililipuliza mimi kwenye nyuso za wanawake wa Bukoto kabla mama yake hajavunja ungo. Alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu vumbi hilo lina deni na mimi ambalo halitalipika, na kila nikiliona hasira hunipanda upya.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja pale Bukoto, karibu na soko. Ukutani kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi na maua, na msumarini lilining'inia koti jeusi la kuazima, lenye vikanda mabegani, kwa wateja waliokuja bila nguo ya maana. Mpiga picha alikuwa Mkongo, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, mtu mpole aliyekuwa na mke na watoto watatu kule Kisugu. Sote tulimwita Fundi. Mimi, binti wa polisi kutoka kaskazini, nilikuwa na kazi mbili: kuremba uso kabla ya picha, na kusafisha picha ikishatoka. Nilikuwa na brashi ya nywele tatu na wino mweusi, na kwa vitu hivyo nilifuta chunusi, makovu ya ndui na hata jino bovu, mteja akatoka kama alivyotamani kuzaliwa.

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi sukari ilikuwa hadithi, sabuni ilikuwa ndoto, lakini watu walipiga picha. Nadhani walitaka ushahidi kwamba walikuwapo. Na mwanamke akija kupiga picha anataka kupendeza, nani amlaumu? Wanaume wenye bunduki walimlaumu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba sketi fupi ni marufuku, wigi marufuku, poda na rangi za uso marufuku. Nchi haina chumvi, na serikali nzima imekaa kikao juu ya mashavu yetu!

Kopo la vumbi nililipata kwa mafuta-mingi mmoja. Ndivyo tulivyowaita waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa. Huyu alikuwa amepewa duka la mapambo ya arusi, na nusu ya vitu vilivyokuwa kwenye rafu hakuvijua hata jina. "Mama, hii ni dawa ya nini?" aliniuliza, akitikisa kopo. Nikamwambia ni ya kusugulia masufuria. Akaniongezea bure juu ya sindano nilizonunua, na siombi radhi.

Kwenye picha ya nyeupe na nyeusi rangi ya vumbi haikuonekana. Kilichoonekana ni nuru, vitone vyeupe kila mahali taa ilipogusa chembe, ndiyo maana sisi wa studio tuliliita nyota. Nilipaka mafuta ya mgando kidogo kwenye paji na mashavu, nikamwambia mama afumbe macho asipumue, kisha nikapuliza vumbi kupitia ganda la kalamu. Fundi aliweka taa moja ubavuni, chini kidogo. "Nnyabo, ongeza na hapa mbere," wateja wangu wa Kiganda, ambao mama kwao ni nnyabo, walikuwa wakisema, wakionyesha paji la uso. Baada ya picha walinawa kwenye beseni nyuma ya mlango, nikawakagua kwa tochi masikioni na kwenye nyusi kabla hawajatoka. Walikuja na uso mtupu na kuondoka na uso mtupu. Mama mmoja nilimwachia chembe moja tu chini ya sikio, askari wakamwona njiani, wakampiga makofi mpaka sikio likavuja damu. Chembe moja!

Sasa nieleze kosa langu. Siku ya kwanza tulipolijaribu vumbi, nilimketisha Fundi kwenye kiti, amevaa lile koti jeusi. Nilipomkaribia na ganda langu la kalamu akaziba uso. "Dada, miye si bibi arusi!" Basi kwa utundu nikadondosha mafuta ya mgando kwenye mabega ya koti, matone matatu kila upande, nikayabandika vumbi. Nikampiga picha mimi mwenyewe. Ilipotoka, tukamwona Fundi ameketi na nyota tatu kila bega, kapteni mzima wa jeshi. Nikampigia saluti. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na picha nikaibandika ukutani. Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Miezi ikapita. Ndipo akaja sajini mmoja, mwenye tepe tatu mkononi. Nani asiyejua kwamba tepe za mkononi ni za askari na nyota za begani ni za maofisa? Hata watoto wa laini za polisi, zile nyumba za kambini nilikokulia, walijua. Sajini alitazama kuta, akasimama mbele ya picha ya Fundi.

"Mimi nataka nyota. Kama ya huyu."

Fundi alijifanya hakuelewa. "Afande, nyota ya hapa ni ya uso. Ya bibi."

"Mimi iko bibi? Weka hapa." Akajigonga bega.

"Afande, ya bega si kazi yetu."

"Mimi nasema weka!"

Fundi akanitazama, akatikisa kichwa kidogo. Nilimwona. Nilimwona vizuri sana. Lakini damu ilikuwa imenichemka kwa dharau ya yule mtu, na moyoni nikasema: ukitaka kuwa kapteni wa mafuta ya mgando, kuwa. Nikachovya kidole, nikaweka matone matatu kulia, matatu kushoto, nikapuliza. Sajini akavuta kifua. Mtu huyo jana yake labda alikuwa amemchapa mwanamke kwa sababu ya poda, na leo alikuwa amekaa mbele yangu amerembwa, anauliza kama taa inamfikia sawasawa. Aliagiza picha kubwa, akaichukua, akaenda zake akipiga mluzi.

Jioni ile Fundi alibandua picha yake ukutani. "Choma iyi kintu, dada," aliniambia. Sikuichoma. Ilikuwa picha nzuri, naye hakuwa na nyingine. Mtu aliyepiga picha watu wote wa mtaa hakuwahi kukaa kwenye kiti chake ila siku ile moja. Nikaificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisa.

Walikuja asubuhi, watu wanne kwa gari la jipu, na sajini yuleyule akiwa mbele yao, bila mluzi. Mkubwa wake, aliyekuja naye, alikuwa ameiona picha sebuleni kwa sajini na kumuuliza nani amempandisha cheo. Naye, shujaa wetu, akasema ni Mkongo wa Bukoto aliyemwekea nyota bila yeye kujua. Bila yeye kujua! Yule aliyejigonga bega kama anabisha hodi!

"Nani naweka nyota hapa?" mkubwa akauliza. "Nani nakupa ruhusa ya kupa mutu cheo?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Fundi akaniwahi.

"Ni miye, afande. Uyu mama anafagia tu."

Wakanipita kama wanavyolipita kabati. Walichukua kamera, wakachukua sanduku la negativu, wakapindua kopo sakafuni kutafuta sijui nini ndani yake. Vumbi likajaa chumba. Walitoka wakimsukuma Fundi, buti zao zinameta mpaka kwenye jipu, na hakuna aliyewapiga makofi. Fundi hata hakugeuka. Nilimkasirikia yeye pia siku ile, kwa kunifanya mfagiaji na kunipa uhai ambao sikuuomba.

Siku ya tisa tangu wamchukue, baba yangu alinipatia njia ya kuingia kwenye ofisi moja ya wanajeshi nimuulizie Fundi, kupitia mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Karani mezani aliandika majina niliyompa, akayatazama, akasema Wakongo wengi huitwa hivyo.

"Leta picha yake. Bila picha mimi najua mutu yako namna gani?"

Ilibakia picha moja duniani, na ndani yake Fundi amevaa nyota tatu kila bega. Kuipeleka vile ilikuwa sawa na kuandika hukumu yake kwa mkono wangu.

Nikaenda Kisugu kwa mkewe. Nilikaa dirishani na brashi yangu ya nywele tatu. Nyota sita, wino juu ya wino, nangoja zikauke, narudia, mpaka mabega yakawa koti tupu. Uso sikuugusa. Mkewe alisimama nyuma yangu, hakuniharakisha. Nilipomaliza akasema, "Dada, utanirudishia? Batoto habana ingine." Nikamwambia ndiyo, kesho, kwa mikono yangu.

Karani aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaenda chumba cha ndani, akarudi.

"Huyu hapana iko hapa."

"Basi nipe picha yangu."

"Hii sasa iko ya faili."

"Kama hayupo, faili ya nini?" Nilipiga kelele, katika ofisi ambayo watu waliiingia wakinong'ona. "Faili ya mtu ambaye hayupo inakula picha ya nini?"

"Mama, enda nyumbani," akasema, akifungua droo. "Wewe iko na bahati."

Bahati! Neno hilo nalisikia hadi leo. Fundi hakurudi. Sajini nilimwona baadaye, mwaka mwingine, anashuka kwenye gari sokoni, na begani ana nyota moja ya kweli, ya chuma, aliyopewa na wakubwa zake. Nilisimama na kapu langu nikamtazama mpaka akageuza uso. Hakuna aliyekuja kumuuliza nani amemwekea.

Lakini siku ile ya ofisini nilitembea kwa miguu mpaka Kisugu, kwa sababu sikutaka kufika. Mke wa Fundi alikuwa mlangoni na watoto wote watatu, wameogeshwa, kana kwamba wanasubiri mgeni. Aliitazama mikono yangu kabla hajanitazama usoni. Ilikuwa na wino tu.