Mizabibu Kwenye Jaruba la Mama

Siku ile bado naiona, mwanangu, siku niliyoshuka kwenye lori pale Usevya, kwetu huku Katavi, na gunia bichi begani. Ilikuwa miaka ya sabini, mvua za kwanza zimekaribia, nami nimetoka kumaliza kidato cha nne Dodoma. Ndani ya gunia mlikuwa na vipande vya mizabibu, ile ya zabibu nyekundu za divai. Nilivimwagia maji kila treni iliposimama, kutoka Dodoma hadi Mpanda, abiria wakidhani nimebeba samaki.

Kila likizo nilifanya kazi kwenye mashamba ya mizabibu ya kule. Niliona divai ikitoka kwenye ardhi ambayo mtu wa kwetu asingepanda hata karanga: kichanga chekundu, mvua ya miezi michache, kisha upepo mkavu na jua mpaka midomo inapasuka. Nikajiambia, kama ardhi maskini namna ile inatoa divai, udongo wetu mweusi utatoa mapipa. Hata padri wetu asingeagiza tena divai ya misa kutoka mbali. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, na yalikosea tangu mwanzo.

Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa na jaruba moja tu la mpunga, lenye udongo mzito unaoshika maji mpaka mvua ziishe. Chakula chetu cha mwaka kilitoka humo. Nikalitaka hilo hilo.

"Leonsi, kapande kule juu kwenye kichanga," Mama aliniambia. "Pale penye mihogo."

"Mama, mmea wa heshima unataka udongo wa heshima."

"Huko ulikoutoa, udongo ukoje?"

Swali lile lilikuwa na kila kitu, mwanangu. Nililisikia vizuri, na badala ya kulijibu nikamwambia yeye hajasoma. Kisha nikabomoa kingo za jaruba kwa jembe, mchana kweupe, yeye amesimama pale na mbegu za mpunga kwenye ungo.

Mwanzoni mizabibu ilinifurahisha. Majani yalikuwa mapana kuliko yote niliyowahi kuona Dodoma. Mvua ilipokolea, maji yakasimama. Majani yakashika ukungu mweupe kama unga, halafu yakawa ya njano. Nikang'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa imeoza na kunuka.

Baba mdogo alipita akacheka mpaka akashika kiuno. "Msomi wetu! Mboga hii inaliwa na ugali?"

Mwaka ule Mama alivuna mpunga kwenye majaruba ya wenzake ili tupate chakula. Nilipotaka kumpokea mundu, aliuvuta. "Wewe kavune divai yako."

Watu walisema sasa nimekoma. Sikukoma. Nilikata vipande vitatu kwenye matawi yaliyokuwa bado mazima, nikavipanda kule juu kwenye kichanga nilichokidharau. Vijana wenzangu wakanibandika jina.

"Padri, misa lini?"

"Zikiiva," niliwajibu, nikaendelea kupalilia.

Kule maji yalipita, mizizi ikapumua. Mzabibu ukinywa sana unanenepa majani tu. Unataka kiu kidogo ndipo uweke utamu kwenye tunda. Lakini udongo niliweza kuuchagua, mbingu sikuweza kuihamisha. Zabibu za kwanza ziliiva katikati ya mvua, zikapasuka na kuoza. Watu wakacheka tena. Mwaka uliofuata nikapogoa mvua zilipoisha, ili zabibu ziive kiangazi kama kule Dodoma. Nikapata vishada vinne, vyekundu karibu na weusi. Visingetoa hata kikombe cha divai. Nikavipeleka kwa Mama kwenye sahani.

Alikula moja, akatema mbegu, akala ya pili.

"Ni tamu kweli," alisema. "Lakini mwaka ule nililala njaa, Leonsi."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akanisamehe. Jaruba hakuniruhusu kuliingia na jembe tena mpaka alipofariki, na alikuwa na haki.

Basi sikiliza, mwanangu. Sijutii kupanda mizabibu, na hakuna atakayenifanya nijute. Najutia mahali nilipoipanda, na mdomo wangu siku ile. Wakikwambia Katavi ni ya mpunga na mahindi tu, kataa, kajaribu. Ila kwanza ujue mmea wako umezoea udongo gani, mvua kiasi gani, kiangazi kirefu namna gani. Jaribu kwa miche michache, kwenye kipande ambacho kikikataa hakuna atakayekosa kula. Na mtu akikuuliza swali la maana, hata kama hajawahi kushika kalamu, mjibu kabla hujainua jembe.

Mungu akupe ubishi wa kutosha na masikio ya kutosha. Ardhi utakayoichagua ikukubali, na wote wanaokutegemea wale washibe. Amina.