Mate Safi ya Baba Mkwe

Kinyesi nakiweza. Kinakuja ndani ya kiberiti, ndani ya karatasi ya daftari, na kuna siku kilikuja kwenye kopo la mafuta ya kujipaka ambalo bado lilinukia waridi. Nilivaa glavu zangu nikaendelea na kazi. Mkojo nao si kitu. Lakini makohozi yananishinda. Tangu nikiwa chuoni yananitia kinyaa hadi kooni, na kwa bahati yangu mbaya, mimi mtoto wa Tabora mjini nimeolewa huku njia ya Bukene, nikapangiwa kituo cha afya chenye maabara ya chumba kimoja, na mpimaji ni mimi peke yangu.

Msingi wa kazi hii ni mwepesi kueleza. Jina liandikwe kwenye kikopo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko huchanganyika. Usifungue kikopo huku umekiinamia. Na kabla ya yote, hakikisha ulicholetewa ndicho ulichoomba. Kwa kifua kikuu tunataka makohozi mazito ya asubuhi, yaliyotoka chini kabisa kifuani. Ukipima mate ya mdomoni, utamwambia mgonjwa kwamba ni mzima.

Kaka mkubwa wa baba mkwe wangu, ambaye kwangu naye ni baba mkwe, alikuwa akikohoa tangu mavuno. Nyumba zetu zinapakana, kwa hiyo nilikuwa nakisikia kikohozi chake nikiwa nafua. Alikonda mpaka shati likampwaya mabegani. Kilichoninyima raha hasa ni mjukuu wake. Kwa desturi ya huku mtoto akiachishwa ziwa huhamia kulala kwa babu na bibi, na yule binti alikuwa analala katikati yao, uso kwa uso na kile kikohozi.

Daktari akamwandikia kipimo. Nikampa kikopo, nikamweleza, naye akawa anatazama mlango muda wote. Kesho yake akakirudisha kimejaa mate meupe, maangavu, ya kunawia. Nilichefuka kuliko ninavyochefushwa na makohozi yenyewe. Nikampa kingine. Kikarudi vilevile. Nikapima hivyohivyo kwa hasira, na bila shaka sikuona kitu.

Nikaenda kwa mkewe. Nikamwuliza kama mzee hatoi kitu akikohoa. Akasema anatoa sana, kila asubuhi, mengine yana damu. Anayafukia kwenye jivu nyuma ya jiko, anasukutua, anapiga mswaki, ndipo anachukua kikopo changu. Yaani nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kinazikwa jivuni, mimi naletewa maji ya kusukutulia. Nilitamani kupiga kelele. Nikamwambia hiyo ni kazi yangu tu, nimesomea, wala simtazami mtu.

"Kwako ni kazi, mwanangu," alisema. "Kwake ni kumvulia nguo mkamwana wake."

Mzee huyu hajawahi kula mbele yangu. Tukikutana njiani mimi napiga goti pembeni, yeye anaitikia huku anatazama mihogo. Mtu wa namna hiyo nilimtaka anikabidhi makohozi mkononi.

Tukapatana mimi na mama mkwe huyo: mzee asipige mswaki, aje nyuma ya maabara, akohoe hukohuko nje, aache kikopo dirishani na aende. Mimi nisitokeze wala nisimsalimie.

Asubuhi hiyo nilikaa nimeligeuzia dirisha mgongo. Alikohoa kwa muda mrefu, kwa sauti ya kitu kinachong'olewa. Kikopo kikagusa ukingo wa dirisha, kisha nikasikia kandambili zikiondoka. Yalikuwa mazito, ya kijani, yenye nyuzi za damu, na nilipoyainua kwa kijiti yalivutika kama mlenda. Mlenda sijaula tangu siku hiyo. Nilipaka kwenye kioo, nikapitisha kwenye moto, nikatia rangi, nikainama kwenye hadubini. Vijiti vyekundu, ndio vijidudu vya kifua kikuu, vilikuwa vimetapakaa kila nilipotazama.

Mzee akaanza dawa. Mtoto naye akapimwa, akapewa dawa za kumkinga, akarudishwa kulala kwa mama yake, nyumba ya pili, ambako alilia kila jioni akimtaka babu. Mzee alimsikia kupitia ukutani. Alikuwa amesema mwenyewe kwamba hatamchukua mpaka maabara iseme.

Ukafika wakati wa kumpima tena. Kikopo kikaachwa dirishani kama kawaida. Nikafungua: mate maangavu. Damu ikanichemka. Nikafunga maabara, nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe kumwuliza kwa nini mzee ameanza tena mambo yake ya mswaki.

"Hakupiga mswaki," akasema. "Amekohoa mpaka machozi yakamtoka. Hakuna kinachotoka."

Nilirudi nikayapima mate yale. Kinyaa kilikuwa palepale, lakini nilikipekua kioo kizima, nikarudia, na sikuona chochote chekundu.

Jioni nilipiga goti uani kwao, mbali, macho chini. Nikasema shikamoo baba, kisha nikasema maabara haina neno. Akaitikia marahaba bila kukohoa. Hakunitazama. Alimwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia, aende akamlete mtoto.