Samli Kwenye Rafu ya Ansgar

Saa tatu asubuhi, jenereta ya hospitali ya misheni huku Bukombe inanguruma, na Ansgar, mpiga picha za eksirei, anachonga kipande cha gunzi la mahindi. Anakiweka kati ya meno ya Limi, mtoto wa miaka saba, ili kinywa kibaki wazi. Eksirei itapita humo humo kinywani hadi kwenye mifupa miwili ya juu ya shingo.

"Usimeze, usicheke. Tukimaliza gunzi ni lako," anamtania.

Limi hacheki. Kichwa chake kimelalia bega tangu augue koo, wiki mbili sasa. Kabatini zimebaki filamu nne, na leo ni tarehe tisa tu; nyingine huja mwisho wa mwezi.

Kwa miaka kumi ya mwanzo Ansgar alishika sheria ya kazi yake: mpiga picha hasemi, msemaji ni daktari. Sheria hiyo inamtafuna mpaka leo.

Mwaka 1979 aliletewa Bujiku, wa miaka sita, shingo imepinda kama ya Limi. Filamu ikiwa bado inachuruzika maji, aliona mfupa wa shingo umeteleza. Daktari alikuwa safarini.

"Nikamwambia mama yake arudi Jumatatu. Basi. Mdomo ninao, nikaufunga," anasema.

Jumapili bibi alimpaka mjukuu samli, akamkanda, akainyoosha shingo kwa mikono miwili, kama wanavyonyooshwa watoto wengi huku. Mfupa ukabana neva za shingo, na Bujiku hakuinua tena mkono wala mguu. Alifariki siku ya tisa.

"Bibi hakujua. Mimi nilijua."

Tangu hapo anasema. Ameandikiwa barua mbili za onyo, na bado anasema.

Filamu ya Limi inatoka chumba cha giza. Mfupa umeteleza, na daktari atarudi keshokutwa.

"Mayu, shingo hii asiiguse mtu. Msirudi nyumbani, laleni wodini," anamwambia mama yake Limi.

"Bibi yake ametupa samli, dokta. Nitamwambia nini?"

"Mwambie Ansgar kaizuia. Nipe."

Mama anatoa chupa ya samli kikapuni. Ansgar anaandika jina la Limi kwenye plasta, anaibandika kwenye chupa, kisha anaiweka chupa rafuni pamoja na nyingine tano. Mtoto akipona, mama huchukua yake. Mbili hazikufuatwa; zimekaa miaka, samli imegeuka rangi. Ya kwanza kati ya hizo mbili aliileta bibi yake Bujiku, baada ya mazishi.

"Hii ya leo sitaki aifuate mama," anasema Ansgar. "Nataka Limi aje aichukue mwenyewe, kwa miguu yake."