Nyumba ya Mwalimu Niliyoihama Bwera

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimelowa hadi magotini, kwa sababu mvua ya usiku ilikuwa imekata njia ya kupanda shuleni, juu ya Bwera. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono nyuma. Alikuwa amepitia jeshini kabla ya kusomea ualimu, na walimu wenzake walimwita Afande akiwa hayupo. Aliangalia viatu vyangu, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe ndiyo mwalimu mpya?"

"Ndiyo, mwalimu mkuu."

"Darasa ya tatu iko pale. Ingia. Viatu itakauka yenyewe."

Hakuna aliyenikaribisha zaidi ya hapo. Niliingia, nikaandika jina langu ubaoni, Mwalimu Nekesa, na watoto wakalisoma kwa pamoja kama wimbo.

Nilizaliwa Kilembe, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Baba alitoka Kenya kuja kuendesha mitambo ya kuchimba shaba, na kwa kuwa majirani zetu walitoka kila upande, Kiswahili kikawa lugha ya uani kwetu. Lhukonzo, lugha ya wenyeji, nilijifunza kwa kucheza na watoto wao. Mgodi uliposimama, familia nyingi zilirudi makwao, sisi tukabaki. Kwa hiyo nilipopangiwa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, niliona nimepewa kazi inayonifaa.

Ninyi mnaoingia kazini sasa na simu mfukoni, labda hamjui tulivyofanya. Kila muhula ulianza na azimio la kazi, yaani mpango wa mambo yote utakayofundisha, wiki kwa wiki, ulioandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na mwalimu mkuu. Kutokana na azimio hilo ulikata andalio la somo la kesho yake. Afande alikuwa akisimama dirishani na andalio lako mkononi, akifuata kama mtu anayesikiliza kesi. Madarasa ya chini yalisoma kwa Lhukonzo, na darasa la nne lilikuwa daraja la kuvukia kwenda Kiingereza. Lakini kwetu walikuwemo pia watoto waliovuka mto wa mpakani, Lhubiriha, na wazazi wao, wengine wakikimbia vita, wengine wakifuata soko, nao walikuja na Kiswahili cha Kongo. Hesabu moja ya kutoa niliieleza kwa lugha tatu kabla chaki haijaisha.

Karo ilipofutwa, watoto walijaa hadi ukutani. Walikaa sakafuni mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu. Katika darasa la namna hiyo chombo cha kazi ni sauti, na mimi nilikuwa nayo. Kanisani niliimba sauti ya kwanza, ile ya juu, na nikifundisha, wanawake waliokuwa wakipalilia kahawa ng'ambo ya bonde waliniambia kwamba nao wanajifunza jedwali la saba.

Sauti hiyo ilianza kupasuka mwaka ambao binti yangu, Masika, aliingia sekondari. Kwanza ilikwaruza jioni tu. Baadaye nikawa naamka nayo hivyo hivyo. Daktari alinitazama kooni kwa kioo kidogo, akasema kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti.

"Mwalimu, ukiendelea kuilazimisha hivi, itakwenda. Na ikienda, sina dawa ya kuirudisha."

Nilirudi darasani na kubuni njia. Nilinong'ona, safu ya mbele ikarudia kwa sauti, safu iliyofuata ikapokea, mpaka somo likafika nyuma, kama maji yanavyopitishwa kwa ndoo watu wanapozima moto. Watoto waliupenda mchezo huo. Mimi usiku nilikunywa maji ya tangawizi na kumwomba Mungu.

Siku ambayo afisa elimu wa wilaya alikuja kutukagua, alikaa nyuma kabisa mpaka somo likaisha. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye desturi ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo zito. Aliivua.

"Mwalimu Nekesa, mimi sijasikia neno lako hata moja, na watoto wameelewa yote. Nimefurahi, tena nimeogopa. Hutafika kustaafu hivi."

"Nitafanyaje, bwana?"

"Njoo ofisini Kasese. Kiti cha mgawo wa walimu kiko wazi."

Mgawo wa walimu ni kazi ya kuamua nani anafundisha wapi: nani anahamishwa, nani anajaza nafasi ya aliyefariki, ni shule gani imebaki na walimu wawili kwa madarasa saba. Alisema nitaazimwa kwanza, maana yake nitaikalia kazi hiyo hadi mwisho wa mwaka huku nafasi yangu ya ualimu ikiningoja. Baada ya hapo nitachagua.

Mume wangu, Thembo, alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha saruji na alipanga chumba mjini Kasese. Tulionana Jumamosi na Jumapili tu, miaka na miaka. Nilipomweleza, aliendelea kumenya ndizi za chakula cha jioni, kazi aliyoipenda akiwa nyumbani.

"Mama Masika," alisema mwishowe, "mimi sitaki kukuambia acha watoto ya watu. Lakini juzi uliniita kule nje, mimi nikadhani ni mutu mwingine."

Neno hilo lilinikaa kuliko la daktari.

Afande aliipokea habari ya kuondoka kwangu kwa namna yake. Alinisikiliza amesimama, nami nimesimama.

"Ukienda, nani itafundisha hii darasa ya saba?"

"Ofisi italeta mtu."

"Ofisi," alisema. "Hiyo ofisi ilishaleta nani hapa?"

Darasa la saba ndilo linalofanya mtihani wa taifa, na hao nilikuwa nao tangu la nne. Sokoni Mpondwe, mama mmoja wa Kongo aliyekuwa akiuza unga wa muhogo, ambaye watoto wake wote walipita mkononi mwangu, aliacha kupima unga aliponiona.

"Mwalimu, tunasikia unaenda ku biro. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Naenda ofisini. Koo linaniuma."

"Pole sana. Utarudia?"

Nikamwambia nitarudi. Wakati huo niliamini hivyo. Katika nyumba ya mwalimu, ile ya vyumba viwili iliyo nyuma ya shule, niliacha kitanda, masufuria, na pazia dirishani. Nilifunga mlango kama mtu anayekwenda sokoni.

Wiki za mwanzo ofisini nilishangazwa na ukimya. Watu walizungumza mmoja mmoja. Chai ililetwa mezani. Koo langu lilianza kupoa, na nyumbani, maana sasa nilikaa na Thembo, nikaweza kumwita kutoka jikoni naye akaitika. Lakini saa za mapumziko ya shule ya jirani, kelele za watoto zilipopanda, mkono wangu ulitafuta chaki.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Karibu kila mwalimu aliyekuja alitaka kuhamia bondeni, karibu na barabara, umeme na zahanati. Sikumbuki aliyeomba kupanda. Karani mmoja aliniambia, "Maji inashuka, mama, na walimu pia." Nilipoanza kupangia watu harakaharaka ili nafasi zijae, afisa elimu aliniita, akavua miwani.

"Hapa huhamishi majina. Unahamisha mtu na kitanda chake. Kabla hujampeleka, jiulize atalala wapi."

Muhula ulipokaribia kuanza, nafasi yangu mwenyewe kule Bwera ilikuwa bado wazi. Walimu wawili walishaikataa. Aliyebaki ni binti mmoja aliyeitwa Biira, mzaliwa wa upande wa Ibanda, ametoka chuoni karibuni na mtoto mchanga mgongoni. Alikuja ofisini, akakaa ukingoni mwa kiti, akamnyonyesha mtoto huku akinisikiliza nikisifu shule ile: watoto wasikivu, wazazi wema, mwalimu mkuu mkali lakini wa haki.

"Mama," alisema nilipomaliza, "wanasema wewe ulitoka kule."

"Ndiyo."

"Kama ni pazuri hivyo, kwa nini ulitoka?"

Nilimweleza habari za koo. Alitikisa kichwa kwa huruma, wala haikuwa ya kuigiza. Kisha akauliza, "Nyumba ya mwalimu iko?"

"Ipo."

"Inakaa nani?"

"Hakuna mtu. Kuna vitu vyangu."

Alimhamisha mtoto titi la pili, akangoja. Nami nilikaa mbele yake nikiwa na cheo, meza na kiti cha kuzunguka, nikaona kwamba ninamtuma mama mwenye mtoto mchanga akapange chumba mbali, apande mlima na mvua alfajiri, ili kitanda changu kisicholaliwa na mtu kikae mahali pake. Nikihama, sina tena mahali pa kurudi. Nisipohama, sina haki ya kumtuma mtu yeyote popote.

Nilimwambia aende nyumbani, nitamtumia habari.

Jioni ile nilimwambia Thembo nahitaji gari dogo la mizigo Jumapili baada ya ibada. Aliuliza la nini. Nikamwambia, "La kuhama." Akasema atamwona mwenzake wa kiwandani mwenye gari.

Tulipanda wawili na dereva. Kutoa vitu hakukuchukua muda. Maisha ya mwalimu hubebeka. Pazia ndilo lililonishinda. Nilipolishika, macho yalijaa, na Thembo akalitoa yeye, akalikunja taratibu, akatoka nalo nje. Nilifagia vyumba vyote viwili. Afande alikuja kutoka kwake, amevaa kandambili, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Kumbe hurudi," alisema.

"Sirudi, mwalimu mkuu. Kesho kutwa anakuja mwalimu Biira. Ana mtoto mchanga. Nakuomba, asisimamishwe dirishani wiki ya kwanza."

"Wiki moja," alisema. "Halafu nasimama." Akanipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida yake.

Biira alifika Jumanne ile, na akakaa. Mtihani wa mwaka ule haukuwa wa kujivunia. Watoto walipoteza wiki nyingi bila mwalimu, na wawili niliowatumainia sana hawakufaulu. Hilo siwezi kulipamba. Lakini waliofuata walifanya vizuri, na mtoto wake alijifunza kutembea uani pale.

Mimi nilibaki ofisini hadi nikastaafu. Nilihudumu chini ya maafisa elimu watatu, mmoja mtaratibu, mmoja mwenye haraka, mmoja aliyependa mikutano, na kila mmoja nilimbana kwa jambo lile lile: shule ya mlimani ipewe nyumba kabla ya kupewa mwalimu. Mara nyingi nilishindwa. Mara chache nyumba zilijengwa, na kule walimu walidumu. Sauti ya kwanza kanisani haikurudi. Sasa naimba na akina mama wa sauti nzito, na nimewazoea.

Watu huniuliza kama nilijuta. Yapo majuto ya aina mbili. Lipo la kutamani ungechagua lingine, hilo sina. Lipo la kumpenda mtu uliyemwacha kwa sababu nzuri, na hilo ninalo kila muhula unapofunguliwa.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayefundisha upande wa Katunguru alikuja nyumbani kwangu Kasese. Amepata kazi ya ofisi serikalini, mke amefurahi, yeye halali. Alitaka nimwambie aende au abaki. Nikampa chai, nikamuuliza, "Jumatatu utakayoondoka, nani ataingia darasani kwako?"

Alizungusha kikombe. "Hakuna mutu, mama."

"Basi kazi ya ofisi umeshaianza," nikamwambia. "Mtafute huyo atakayeingia kwanza, ndipo uende."